Unataka shamba Dodoma? Tafuta kwanza ramani ya 1:50,000 ya miaka ya 1950 (uzi mrefu, vuta kiti)

Nyika Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za mihangaiko.

Kila mara humu mtu anauliza: "Kuna shamba linauzwa Chamwino, bei poa, nichukue?" Majibu ni yale yale. Pita serikali ya kijiji, ulizia majirani, usitoe hela bila mashahidi. Sawa kabisa. Ila sijaona anayeuliza maji yanapita wapi. Tambarare za huku ukizifikia mwezi wa tisa ni vumbi na miiba, kila pembe inafanana na mwenzake, na dalali anakuapia kwamba popote utakapopiga jembe panafaa. Rudi mwezi wa pili uone.

Jibu la swali hilo limechorwa tangu kabla ya uhuru. Nazungumzia ramani za topografia za skeli ya 1:50,000, zilizokuja kuitwa mfululizo wa Y742. Mwaka 1946 Waingereza waliunda idara ya kupima makoloni yao, Directorate of Colonial Surveys, mkuu wake akiwa Martin Hotine. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: ndege inakwenda na kurudi juu ya nchi ikipiga picha, kila picha inarudia zaidi ya nusu ya eneo la iliyotangulia. Wapimaji wanapanda vilima kuweka nguzo na kupima pembe. Kisha huko Uingereza mtu anakaa na stereoskopu, jicho hili picha hii, jicho lile picha ile, nchi inainuka mbele yake ikiwa na mabonde na vilima, naye anachora.

Karatasi moja inafunika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, kama kilomita 27 na nusu kila upande. Sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya kutembea. Kwa hiyo shamba la ekari 50 ni kijidoa tu, halifiki hata sentimita moja kila upande. Usitegemee kuona mwembe wako.

Sasa twende kwenye kusoma.

Mistari ya kahawia ni kontua, kila mmoja unapita kwenye sehemu zenye mwinuko sawa. Kwenye karatasi nyingi za zamani mwinuko umeandikwa kwa futi, na kati ya mstari na mstari kuna futi 50, sawa na mita 15 na kidogo. Ramani ya milima ya Uluguru kontua zimebanana hadi karatasi ina giza. Ya Ugogo, nchi ya Wagogo huku Dodoma, kuna mahali unaweka kiganja chote kati ya mstari mmoja na unaofuata. Na hapo ndipo watu wanapopotea, maana chochote kisichofika mita 15 kinaweza kupenya katikati bila kuonekana. Korongo la mita tatu linaloweza kumeza ng'ombe, kontua hazilijui.

Kwa hiyo tambarare haisomwi kwa kahawia, inasomwa kwa buluu. Mistari ya buluu iliyokatikakatika ni vijito vya msimu. Fuata mmoja kwa kidole kuanzia kwenye kilima cha mawe: unashuka umenyooka, unapokea wenzake wawili watatu, unafika tambarare, unaisha. Haujaingia mtoni wala ziwani. Umeishia hapo hapo kwenye karatasi nyeupe. Mara ya kwanza utadhani mchoraji alichoka. Hakuchoka. Hapo maji yalitawanyika yakanywewa na ardhi, na mwaka wa mvua kubwa yatatawanyika hapo hapo tena. Udongo wake ni mzuri kwa jembe, lakini usijenge.

Pili, tafuta mbuga, si ya wanyama, ni bonde tambarare la udongo mweusi. Wale wa kujenga mnisikie vizuri. Udongo mweusi wa mbuga unavimba ukinywa maji na unapasuka ukikauka. Kiangazi ufa wake unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Nimeona nyumba ya tofali za kuchoma, imepigwa lipu vizuri, ufa umeanzia kona ya dirisha ukateremka hadi kwenye msingi, na mwenye nyumba kila mwaka anauziba kwa saruji. Fundi hana kosa hapo. Kwa mpunga kama wa Bahi, au mtama, mbuga ni mali. Kwa msingi wa nyumba ni ugomvi wa kila mwaka.

Tatu, jiulize maji ya eneo lako mwisho wake wapi. Mkoa huu unamwaga pande tatu. Mto Bubu unatoka Kondoa unaingia kwenye kinamasi cha Bahi na hautoki. Kinyasungwe unakwenda mashariki hadi Wami. Kisigo unaingia Ruaha Mkuu, na huo maji yake yanafika Rufiji. Mashamba mawili yanayopakana yanaweza kuwa na maji yanayopeana mgongo.

Mwisho, nukta nyeusi. Hizi ndizo zilizonifanya nianze kuzipenda ramani hizi. Kila nukta ni kaya. Zimetapakaa nchi nzima, tatu hapa, moja kule, hakuna mstari wala mtaa. Hiyo ndiyo Ugogo kabla ya Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 iliyohamishia watu vijijini, kila tembe (nyumba ya paa la udongo) na zizi lake na shamba lake la uwele ubavuni. Linganisha na picha ya setilaiti ya leo: mabati yamejipanga kando ya barabara. Kijiji kilipangwa kufuata barabara, tembe zilifuata udongo na maji. Nikitaka kujua ardhi nzuri ya eneo ninalolitazama, naanzia kwenye nukta.

Mwenye karatasi za upande wa Kongwa na Mpwapwa ajitokeze.

Chakula cha Njiwa

Uzi tayari, nimeweka kambi. Picha iko wapi mkuu?

Nyika Kavu

Picha ya simu ya karatasi iliyokunjwa mara nane haitakusaidia kitu. Shuka chini, mahali pa kuzipata nitaeleza.

Msoma Pembe

Mkuu umeeleza vizuri. Mimi upimaji ndio ugali wangu, naongeza jambo moja kabla watu hawajaenda kupigana mashambani.

Ramani hizi zimesimama kwenye mfumo wa Arc 1960, namna ya zamani ya kuhesabu mahali palipo. Simu yako na GPS ya mkononi vinatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za gridi (mistari ya miraba) kwenye karatasi ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama takriban mita 300 kutoka mahali penyewe. Mita 300 ni shamba la mtu mwingine kabisa. Nimeshaitwa kusuluhisha kesi ya namna hiyo, kila upande una "koodineti" zake na kila upande unaapa.

Kwenye programu ya ramani kama QGIS, karatasi ya Dodoma mjini na magharibi yake iwekee namba ya mfumo, EPSG 21036, ya Kongwa na Mpwapwa 21037, halafu uiache programu ihamishe kwenda 32736 au 32737, ambazo ni za WGS84. Kwa nini namba mbili? Kwa sababu longitudo 36 inapita mashariki ya mji wa Dodoma, na ndipo kanda ya UTM ya 36 inapokutana na ya 37 (dunia imekatwa vipande vya digrii sita, kila kimoja na hesabu zake). Ukitoka mjini kwenda Kongwa, namba ya mashariki (mita za kwenda mashariki) inapanda hadi karibu 832,000, unavuka, ghafla inasoma 168,000. Kifaa hakijaharibika.

Ukiona karatasi ya zamani zaidi yenye gridi usiyoifahamu, achana na gridi, tumia latitudo na longitudo za kwenye pembe nne. Nazo ni za Arc, usisahau.

Kisiki cha Mbuyu

Samahanini wakuu, mimi naona mnawasifia wakoloni. Ramani zile hawakumchorea babu yako aoteshe uwele. Walichora wajue pa kuchukua. Kongwa ni ushahidi tosha.

Nyika Kavu

Kwamba walichora kwa faida yao, sibishi. Lakini Kongwa ni ushahidi wa kitu kingine kabisa, angalia miaka.

Mpango wa Waingereza wa kulima karanga uliandikwa 1946. Ujumbe wa John Wakefield ulikuja, ukazunguka wiki chache, sehemu kubwa ukaitazama nchi kutoka kwenye ndege, ukarudi na pendekezo la ekari zaidi ya milioni tatu, Kongwa, Urambo na Nachingwea zikiwemo. Idara ya Hotine ndiyo kwanza imezaliwa mwaka huo huo, karatasi za 1:50,000 bado. Yaani waliamua kwanza, ramani zikafuata. Kutoka juu waliona nchi sawa, tupu, ina vichaka tu. Wakaleta matrekta, na vifaru vya vita vya Sherman vikageuzwa kuwa vya kung'oa miti. Ardhi ya Kongwa ikawafundisha: mvua ikikata udongo unakuwa kama saruji, jembe linalika, karanga zimo chini na hazitoki. Mpango ukafungwa Januari 1951, umeteketeza kama pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza.

Kisiki cha Mbuyu

Basi hapo umejijibu. Hata wangekuwa na ramani yako, kontua ingewaambia mvua itakata mwezi wa pili? Ingewaambia udongo unakuwa saruji? Mzee yeyote wa pale chini ya mbuyu angewaambia bure.

Nyika Kavu

Hapo nakupa. Ramani inaonyesha maji yatapita wapi yakija, haisemi kama yatakuja. Dodoma mwaka wa kawaida ni milimita 550 hadi 600, na zinaweza kukatika wiki tatu mfululizo mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ndiyo maana wenyewe walishika uwele na mtama.

Mzee wa Gulwe

Wajukuu, nimesoma yote. Naomba nichangie.

Msoma Pembe

Shikamoo babu. Karibu sana.

Mzee wa Gulwe

Marahaba. Hilo la nukta mmelisema vizuri, lakini msilifanye msahafu. Tembe haikuwa nyumba ya milele. Udongo ukichoka, au ng'ombe wakizidi malisho, au wakifa watu wawili mfululizo pale nyumbani, mtu alihama. Alivunja, akachukua nguzo zake, akajenga ng'ambo ya korongo. Kwa hiyo nukta unayoiona ilikuwa kweli siku ndege ilipopita. Miaka mitano baadaye pengine ni mahame, imebaki miti miwili na samadi.

Na jingine. Paa la tembe ni udongo. Ukilitazama kutoka angani litafanana na ardhi. Nadhani hao wachoraji waliona zaidi mazizi, kwa sababu samadi ni nyeusi na boma ni la mviringo. Mtu asiye na ng'ombe inawezekana hakuingia kwenye ramani kabisa. Baba yangu mdogo alikuwa na mbuzi tu.

Mwaka 1971 tulihamishwa. Nilikuwa bado shule. Tulipopelekwa palikuwa na barabara na tukaahidiwa bomba. Mashamba yetu ya samadi, yale meusi yaliyozunguka zizi, tuliyaacha nyuma, na mwanzoni akina mama walikuwa wanatembea kwenda kuyalima kule kule. Kwa hiyo mtoto aliyesema tembe zilifuata udongo kasema kweli. Ila usinunue shamba kwa sababu ya nukta. Chimba, ushike udongo.

Nyika Kavu

Asante sana babu. Hilo la wasio na ng'ombe kutoonekana nitakuwa nalo kila ninapofungua karatasi.

Mpwa wa Mvumi

Naomba kuuliza wakuu, na babu pia, shikamoo. Babu yetu naye alitolewa kwenye tembe yake mwaka 1971. Kwenye ramani ya zamani nukta ipo, na mbuyu wetu upo hadi leo. Sasa hivi pale analima mtu aliyepewa na kijiji wakati wa operesheni, na wanae wanaanza kuuza vipande. Nikienda na hii ramani baraza la ardhi, nina kesi?

Msoma Pembe

Nikupe jibu la mpimaji kwanza. Ramani ya topografia haionyeshi mwenye ardhi. Inaonyesha palikuwa na makazi, haisemi ya nani, wala eneo lake liliishia wapi. Hata mpaka wa wilaya uliochorwa humo usiutegemee kisheria. Mipaka ya umiliki ina ramani zake za upimaji, ni karatasi nyingine kabisa.

Hakimu wa Kijiweni

Na la kisheria ni hili. Soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kifungu cha 15. Ugawaji wa ardhi uliofanywa kwa watu waliohamishiwa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977 umethibitishwa kuwa halali, na haki za waliokuwepo kabla zikaondoka. Yule aliyepewa na kijiji mwaka 1971 anaangukia humo. Kuna mambo ya pembeni yanayoweza kubadilisha picha, kwa mfano kama hakugawiwa bali alijisogeza mwenyewe miaka ya themanini. Hayo muone wakili, si mimi wa kijiweni. Lakini kwa nukta peke yake, sioni unakopita.

Mpwa wa Mvumi

Nimeelewa. Imeniuma lakini nimeelewa. Nitamwomba tu mbuyu usikatwe.

Chakula cha Njiwa

Wakuu, nimepata nakala mtandaoni ila chini pamekatwa, mwaka hauonekani. Nitajuaje ni ya lini?

Nyika Kavu

Swali tamu hili. Tazama vitu vilivyojengwa na vilivyong'olewa.

Kama ni karatasi ya Hombolo, angalia bwawa. Lilijengwa 1957. Ukikuta Kinyasungwe Mdogo unajipitia zake bila ziwa, picha za angani zilipigwa kabla.

Kama ni ya Kongwa, tafuta tawi la reli kutoka Msagali. Lilijengwa kwa ajili ya karanga na baadaye likang'olewa. Lipo kama reli? Uko karibu na enzi ya karanga. Limebaki kama tuta au njia ya gari? Umesogea mbele.

Kusini kabisa, Mtera. Leo kuna ziwa linalofika kilomita za mraba zaidi ya 600 likijaa. Karatasi za 1950 zinaonyesha Ruaha na Kisigo vikikutana nchi kavu, na njia za miguu zinazovuka mahali ambapo sasa ni samaki. Bwawa lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970.

Na mji wenyewe wa Dodoma: kituo cha reli ya Wajerumani, vitalu vichache, uwanja wa ndege, basi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ni wa 1973, yaliyofuata yote yako nje ya karatasi.

Ila chunga: mwaka wa kuchapwa na mwaka wa picha si kitu kimoja. Pambizoni huwa wameandika vyote viwili. Unaoutaka wewe ni wa picha.

Mrangi Mkweli

Mimi wa Kondoa. Jamani msizichukue zile buluu kama zilivyo. Huku kwetu ardhi imeliwa vibaya, makorongo ya leo mengine hayakuwepo na mengine yamepanuka mpaka yamekula njia. Ndiyo sababu serikali ilileta mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Mahali pengine uoto umerudi vizuri kuliko hata ilivyochorwa, pengine mchanga umefunika shamba zima. Ramani ya miaka sabini nyuma unaiweka chini, setilaiti ya mwaka huu unaiweka juu, unaangalia kilichohama.

Nyika Kavu

Uko sahihi. Na pale ambapo korongo halijahama kwa miaka sabini, hapo hata bei ya dalali isikushawishi.

Wanaouliza pa kuzipata: ofisi ya Upimaji na Ramani iliyo chini ya Wizara ya Ardhi huwa inauza karatasi. Usiende ukasema "nataka ramani ya Dodoma", utapewa ya mkoa mzima ya kubandika ukutani. Omba kwanza uone faharasa. Nchi imekatwa kwenye miraba ya nusu digrii, kila mraba una namba yake, na ndani yake karatasi nne: 1 kaskazini magharibi, 2 kaskazini mashariki, 3 kusini magharibi, 4 kusini mashariki. Tafuta kijiji chako kwenye faharasa, chukua namba, ndipo uulize kama ipo stoo. Zingine zimeisha, utapata toleo jipya zaidi au nakala. Ulizia pia kama toleo la kwanza lipo kwenye kumbukumbu, ndilo lenye tembe.

Chakula cha Njiwa

Poa sana. Shamba ninalolitazama liko Bahi, karibu na ukingo wa karatasi upande wa mashariki. Nichukue hiyo moja?

Msoma Pembe

Chukua na inayopakana nayo mashariki. Korongo linaloingia kwako huenda linaanzia huko. Na usisahau kuuliza kontua ni futi au mita kabla hujaanza kupiga hesabu.